Upatanifu wa Misimbo Baina ya Matoleo ya Lugha za Programu: Mfano wa Python 2 na Python 3 katika Uchakataji wa Matini za Kiswahili

Ikisiri

Utafiti wa isimu unaotumia kongoo hutegemea misimbo ya kompyuta katika kuhesabu, kupanga na kuchanganua data. Misimbo hiyo huandikwa kwa lugha za programu ambazo, kama zilivyo lugha za binadamu, hubadilika. Makala haya yanafafanua suala la kudumisha upatanifu wa msimbo mmoja katika toleo la zamani na toleo jipya la lugha ya programu, kwa kurejelea mabadiliko ya Python kutoka toleo la 2 hadi la 3. Mabadiliko hayo yanaainishwa katika tabaka tatu: sintaksia, msamiati na semantiki. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko ya kisemantiki ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa mtafiti kwa kuwa hubadilisha matokeo bila kutoa ishara yoyote ya kosa. Aidha, makala yanaonesha kuwa othografia ya Kiswahili Sanifu, kwa wepesi wake, iliwaficha watafiti tatizo la usimbaji wa herufi ambalo hujitokeza katika ritifaa ya ng' na katika matini za hati ya Kiarabu. Mwisho, makala yanapendekeza namna ya kuuhifadhi msimbo kama sehemu ya ushahidi wa kitaaluma.

1.0 Utangulizi

Tangu miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoanza kushughulikia uchanganuzi wa kikompyuta wa mofolojia ya Kiswahili, kompyuta imekuwa chombo cha kawaida katika taaluma hii. Leo mwanafunzi wa uzamili anayechunguza marudio ya viambishi, uwiano wa msamiati katika riwaya mbili, au mgawanyo wa viunganishi katika habari za magazeti, hawezi kuhesabu kwa mkono. Huandika msimbo mfupi, mara nyingi kwa lugha ya Python, ambao husoma mafaili ya matini na kutoa majedwali. Majedwali hayo huingia katika tasnifu, na baadaye katika makala. Msimbo wenyewe hubaki katika kompyuta ya mtafiti.

Python ilianza kubuniwa na Guido van Rossum mwishoni mwa mwaka 1989 katika taasisi ya CWI jijini Amsterdam, na ikatolewa kwa umma mwaka 1991. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2000. Tarehe 3 Desemba 2008 lilitoka toleo la 3.0, ambalo wabunifu wake walikusudia tangu mwanzo lisipatane kikamilifu na yaliyotangulia. Lengo lilikuwa kuondoa kasoro za msingi ambazo zisingeweza kurekebishwa bila kuvunja kanuni za awali. Kuanzia hapo, matoleo mawili yaliishi sambamba kwa zaidi ya miaka 11, mpaka huduma ya toleo la 2 ilipokoma tarehe 1 Januari 2020.

Kipindi hicho kinawagusa wanaisimu moja kwa moja. NLTK, maktaba ya programu za kuchakata lugha ambayo Steven Bird na Edward Loper waliianzisha mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, imeandikwa kwa Python. Kitabu chake cha kufundishia, kilichochapishwa mwaka 2009 na watunzi hao pamoja na Ewan Klein, kilitumia mifano ya Python 2. NLTK yenyewe ilihamia rasmi katika Python 3 kwa toleo lake la 3.0 la mwaka 2014. Mwanafunzi anayekiazima kitabu hicho kilichochapishwa na kunakili mifano yake katika kompyuta ya leo hukutana na ujumbe wa kosa tangu kurasa za mwanzo. Swali linalozuka ni hili: msimbo uliotoa matokeo ya utafiti wa mwaka 2010 unaweza kutoa matokeo yaleyale leo, na ikiwa hauwezi, mtafiti atajuaje?

2.0 Lugha ya Binadamu, Lugha ya Programu na Uvumilivu wa Msomaji

Mabadiliko ya lugha si jambo geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili mwaka 1870, tahajia ilikuwa haijasanifiwa. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji uliojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Hata hivyo, msomaji wa leo anaweza kuifungua matini ya kabla ya usanifishaji na kuielewa. Tahajia ngeni humchelewesha kidogo, kisha muktadha humsaidia. Vivyo hivyo, msemaji wa Kimvita na msemaji wa Kiunguja huelewana licha ya tofauti zao, kwa sababu kila mmoja humvumilia mwenziwe na kukisia pale asipokuwa na hakika.

Lugha ya programu haina msomaji mvumilivu wa aina hiyo. Msomaji wake ni kifasiri, yaani programu inayousoma msimbo na kuutekeleza amri kwa amri. Kifasiri hakikisii nia ya mwandishi. Kikikutana na muundo usiokubalika katika sarufi yake, husimama na kutoa ujumbe wa kosa. Kikikutana na muundo unaokubalika lakini wenye maana tofauti na ile aliyoikusudia mwandishi, hutekeleza maana yake chenyewe na kuendelea. Tofauti baina ya hali hizi mbili, yaani kosa linalopiga kelele na kosa linalonyamaza, ndiyo msingi wa mjadala unaofuata.

Istilahi ya upatanifu inatumika hapa kwa maana mahususi. Msimbo ni patanifu ikiwa, bila kubadilishwa hata herufi moja, unakubalika katika matoleo yote mawili na unatoa matokeo yaleyale. Masharti haya ni mawili, si moja. Msimbo unaokubalika katika matoleo yote mawili lakini ukatoa matokeo tofauti haujapatana. Umefanana tu kwa sura.

3.0 Tabaka Tatu za Mabadiliko

3.1 Mabadiliko ya Kisintaksia

Mfano unaojulikana zaidi ni wa amri ya kuchapisha matokeo katika skrini. Katika Python 2, print lilikuwa neno la kisarufi lisilohitaji mabano, hivyo mwandishi aliweza kuandika print "Habari". Katika Python 3, print ni fanksheni kama fanksheni nyingine, na sharti iandikwe print("Habari"). Umbo la kwanza halikubaliki kabisa katika toleo jipya. Kifasiri hukataa faili zima kabla ya kutekeleza mstari hata mmoja. Hali kadhalika, namna ya kulishika kosa na kulipa jina ilibadilika: mkato uliotumika katika matoleo ya awali ulibadilishwa na neno as.

Mabadiliko ya tabaka hili yanasumbua, ila hayadanganyi. Mtafiti huambiwa mahali penye tatizo, pamoja na namba ya mstari. Hata hivyo, pana mtego mdogo. Umbo print("Habari") lenye kitu kimoja ndani ya mabano linafanya kazi sawasawa katika matoleo yote mawili. Lakini print("aina", "tokeni") huchapisha maneno mawili katika Python 3, ilhali katika Python 2 huchapisha jozi iliyofungwa ndani ya mabano pamoja na alama zake za kunukuu. Ikiwa matokeo hayo yanaelekezwa katika faili litakalosomwa na programu nyingine, jedwali zima linaweza kuharibika bila ujumbe wowote wa kosa.

3.2 Mabadiliko ya Kimsamiati

Baadhi ya majina yalifutwa au kuhamishwa. Fanksheni xrange, iliyotoa namba moja baada ya nyingine bila kuzihifadhi zote katika kumbukumbu, ilitoweka, na tabia yake ikachukuliwa na range. Fanksheni raw_input, iliyopokea maandishi kutoka kwa mtumiaji, ilipewa jina la input.

Badiliko hili la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini kwa kuwa neno input lilikuwapo pia katika Python 2, ila kwa maana nyingine: lilipokea alichoandika mtumiaji na kukitekeleza kama msimbo. Msimbo wa Python 3 unaotumia input kwa nia njema, ukiendeshwa katika Python 2, humfungulia mtumiaji mlango wa kuiamuru kompyuta apendavyo. Katika lugha za binadamu hali hii inafahamika. Neno ujamaa lilikuwa na maana ya uhusiano wa kijamaa na kidugu kabla ya kupewa, katika miaka ya 1960, maana ya itikadi ya kisiasa nchini Tanganyika na baadaye Tanzania. Anayesoma matini ya zamani kwa maana mpya hukosea, lakini muktadha unaweza kumzindua. Kifasiri hakina wa kukizindua.

3.3 Mabadiliko ya Kisemantiki

Tabaka la tatu ndilo zito zaidi. Hapa umbo linabaki lilelile, linakubalika katika matoleo yote mawili, lakini maana yake imebadilika. Mfano ulio karibu na wanaisimu ni wa kugawanya namba kamili. Katika Python 2, alama ya mkwaju baina ya namba kamili mbili ilitoa namba kamili, na sehemu ya desimali ilitupwa. Katika Python 3, alama hiyohiyo hutoa desimali.

Chukulia mtafiti anayetafuta uwiano wa aina za maneno kwa tokeni katika matini yenye tokeni 4,000 na aina 1,200. Msimbo 1200/4000 hutoa 0.3 katika Python 3, lakini hutoa 0 katika Python 2. Sifuri hushtua, na mtafiti makini atarudi kuuchunguza msimbo wake. Sasa chukulia kuwa anatafuta wastani wa urefu wa sentensi katika matini yenye maneno 4,600 na sentensi 250. Python 3 itatoa 18.4, na Python 2 itatoa 18. Namba 18 haimshtui mtu. Inaonekana ya kweli, inaingia katika jedwali, na jedwali linaingia katika tasnifu. Ikiwa waandishi wawili wana wastani wa 18.1 na 18.9, Python 2 itawaonesha kuwa sawa, na mtafiti ataweza kujenga hoja nzima ya kimtindo juu ya usawa usiokuwapo.

Ukadiriaji wa namba nao ulibadilika. Fanksheni round ikipewa 2.5 hutoa 3.0 katika Python 2, lakini hutoa 2 katika Python 3, kwa kuwa toleo jipya hukadiria nusu kuelekea namba shufwa iliyo karibu. Tofauti ni ndogo katika hesabu moja. Katika majedwali marefu ya asilimia inaweza kufanya jumla zisilingane na zile zilizochapishwa awali.

Si kila badiliko la tabaka hili lilikuwa la hasara. Python 2 ilikubali kulinganisha vitu visivyolingana, kwa mfano namba na thamani tupu. Orodha ya miaka ya uchapishaji wa vitabu yenye nafasi zisizojazwa ilipangwa bila malalamiko, na nafasi tupu zikawekwa mwanzoni kana kwamba ni miaka ya kale kuliko yote. Python 3 hukataa ulinganisho huo na kutoa ujumbe wa kosa. Hapa toleo jipya limeligeuza kosa la kimya kuwa kosa la kelele, na kelele hiyo ni faida kwa utafiti.

4.0 Herufi, Baiti na Ritifaa ya Ng'

Badiliko kubwa kuliko yote lilihusu maana ya mfuatano wa herufi. Katika Python 2, mfuatano wa kawaida ulikuwa kwa hakika mfuatano wa baiti, yaani vipande vya data vya kompyuta, na si wa herufi za maandishi. Kulikuwa na aina ya pili iliyowakilisha herufi za Unicode, ambayo iliandikwa kwa kutanguliza herufi u kabla ya alama za kunukuu. Aina hizi mbili zilipochanganywa, Python 2 ilijaribu kuzipatanisha yenyewe kwa kuchukulia kuwa baiti zote ni za mfumo wa ASCII, wenye alama 128 tu. Ilipokuta baiti nje ya alama hizo, ilisimama na kutoa kosa. Python 3 ilitenganisha kabisa aina hizo mbili: maandishi ni herufi za Unicode, baiti ni baiti, na mwandishi wa msimbo sharti aseme lini anatoka upande mmoja kwenda mwingine.

Othografia ya Kiswahili Sanifu katika hati ya Kirumi haina viashiria vya toni wala alama juu au chini ya herufi. Takriban kila kitu kinachoandikwa kwa Kiswahili kimo ndani ya alama 128 za ASCII. Kwa mtafiti wa Kiyoruba, ambaye lugha yake huandikwa kwa alama za toni na nukta chini ya herufi, udhaifu wa Python 2 ulijitokeza katika sentensi ya kwanza. Kwa mtafiti wa Kiswahili, msimbo wenye kasoro uliweza kuchakata maelfu ya kurasa bila tatizo. Wepesi wa othografia uliificha kasoro badala ya kuiondoa.

Kasoro hiyo hujitokeza mahali padogo sana: katika ritifaa ya ng'. Neno ng'ombe likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, alama zote saba zimo katika ASCII. Lakini programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa hiyo kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo haimo katika ASCII. Katika usimbaji wa UTF-8, ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu. Kwa hiyo Python 2, ikiulizwa urefu wa neno ng’ombe, hujibu 9; Python 3 hujibu 7. Mtafiti anayepima wastani wa urefu wa maneno hupata data isiyo sahihi katika kila neno lenye ng', na maneno hayo si machache: ng'ambo, ng'oa, ng'aa, king'ora na mengine.

Athari haiishii katika urefu. Misimbo mingi huyatenga maneno kwa ruwaza ya \w+, yenye maana ya herufi moja au zaidi zinazofuatana. Ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda si herufi kwa ruwaza hii katika toleo lolote, hivyo ng'ombe hukatwa kuwa ng na ombe. Baadhi ya wahariri wa matini hutumia ritifaa ya tatu, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi. Kwa ritifaa hiyo, Python 3 hulitambua ngʼombe kuwa neno moja, ilhali Python 2 ikisoma baiti hulikata vipande viwili. Kongoo moja, msimbo mmoja, na idadi mbili tofauti za maneno. Mwanaisimu anayekuta neno ombe katika orodha ya marudio anapaswa kushuku msimbo wake kabla ya kushuku kamusi.

Katika matini za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama zile zinazohifadhiwa katika SOAS jijini London na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hali ni ya wazi zaidi. Kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili katika UTF-8. Neno lenye herufi tano huhesabiwa kuwa na kumi, na kulikata neno katikati ya baiti mbili za herufi moja huacha kipande kisichosomeka. Kazi ya kulinganisha miswada ya tenzi kwa kompyuta haiwezekani kufanywa kwa uaminifu bila kutenganisha herufi na baiti.

Hata Python 3 haimwondolei mtafiti wajibu. Ikifungua faili bila kuelezwa usimbaji wake, hufuata mazoea ya kompyuta husika. Katika kompyuta nyingi zenye mfumo wa Windows mazoea hayo si UTF-8, na ndiyo sababu neno ng’ombe huonekana katika baadhi ya matokeo kama ngâ€™ombe. Kutaja usimbaji kila faili linapofunguliwa ni kinga ya matoleo yote.

5.0 Mbinu za Kudumisha Upatanifu

Mbinu ya kwanza ni kuandika katika eneo la pamoja, yaani kutumia miundo inayokubalika na yenye maana moja katika matoleo yote mawili tu. Ni sawa na msemaji anayechagua maneno yanayoeleweka Mombasa na Zanzibar pia. Kwa mfano, mtafiti anayetaka kugawanya na kutupa desimali kwa makusudi hutumia mikwaju miwili, ambayo kwa namba kamili ina maana ileile kote. Anayetaka kufungua faili hutumia io.open na kutaja UTF-8. Fanksheni hiyo ipo tangu Python 2.6, na katika Python 3 ndiyo open yenyewe. Toleo la 2.7, lililotoka Julai 2010, lilipanua eneo hili la pamoja kwa makusudi, kwa kuchukua baadhi ya sifa za Python 3.

Mbinu ya pili ni tamko la __future__, ambalo huwekwa mwanzoni mwa faili ili toleo la zamani lifuate kanuni ya toleo jipya. Tamko la division hubadilisha maana ya mkwaju. Print_function huifanya print kuwa fanksheni. Unicode_literals hufanya maandishi yaliyo katika alama za kunukuu yawe ya Unicode. Python 3 huyakubali matamko hayo bila kuyafanyia lolote, kwa kuwa kanuni hizo tayari ni zake. Ubora wa mbinu hii ni kwamba inashughulikia tabaka la semantiki: mstari mmoja huondoa tofauti ya 18 na 18.4.

Mbinu ya tatu ni kutumia mpatanishi. Maktaba ya six, iliyoandikwa na Benjamin Peterson mwaka 2010 na kupewa jina linalotokana na zao la 2 na 3, hutoa majina ya pamoja kwa vitu vilivyohamishwa au kubadilishwa majina. Msimbo humwita mpatanishi, naye huchagua jina linalofaa kulingana na toleo. Gharama yake ni kwamba msimbo huwa mgumu zaidi kusomeka, na mpatanishi mwenyewe huwa tegemeo jipya linalohitaji kutunzwa.

Mbinu ya nne ni tafsiri. Programu ya 2to3 ilisoma msimbo wa Python 2 na kuuandika upya kwa Python 3. Iliweza kushughulikia vyema tabaka la sintaksia na sehemu kubwa ya msamiati. Tabaka la semantiki liliishinda kwa kiasi kikubwa, kwa sababu katika msimbo ulioandikwa hakuna kinachoonesha kama mwandishi alikusudia mkwaju utupe desimali, au kama mfuatano fulani ni maandishi au ni baiti. Hili ni tatizo lilelile la tafsiri ya lugha za binadamu: umbo hufasirika kwa urahisi kuliko nia. Programu hiyo iliondolewa katika Python 3.13.

Mbinu ya tano ni kutohama: kuhifadhi toleo la zamani pamoja na maktaba zake zote katika mazingira yaliyofungwa, ili msimbo uendelee kufanya kazi kama ulivyokuwa. Mbinu hii inafaa kwa kuthibitisha matokeo ya zamani. Haifai kwa kazi inayoendelea, kwa kuwa toleo lisilotunzwa halirekebishwi kasoro zake za kiusalama, na maktaba mpya hazilitambui.

Mbinu zote hizi hukamilishwa na majaribio. Mtafiti huandaa matini fupi ambayo idadi ya maneno, aina na sentensi zake ameihesabu kwa mkono, kisha huuendesha msimbo katika kila toleo na kulinganisha majibu. Matini hiyo iwe na ritifaa za aina zote, neno lenye herufi ya kigeni, na nafasi iliyo tupu. Jaribio la namna hii hugeuza kosa la kimya kuwa kosa la kelele.

6.0 Funzo la Kipindi cha Mpito

Historia ya mpito huu inaonesha kuwa uamuzi wa wapangaji wa lugha haufuatwi kwa amri tu. Mwanzoni ilitarajiwa kuwa waandishi wangetafsiri misimbo yao kwa 2to3 na kuachana na toleo la zamani. Wengi hawakufanya hivyo. Maktaba zilingoja watumiaji wahame, na watumiaji walingoja maktaba zihame. Methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao iliakisi msimamo wao: msimbo wa zamani ulikuwa unafanya kazi, na faida ya ule mpya ilikuwa bado haijaonekana.

Wabunifu wa Python nao walilegeza msimamo. Herufi u ya kutanguliza maandishi ya Unicode, iliyokuwa imefutwa katika Python 3.0 kwa kuwa haikuwa na kazi tena, ilirudishwa katika toleo la 3.3 la mwaka 2012 kwa sababu moja tu: kuwawezesha waandishi kuwa na msimbo mmoja kwa matoleo yote mawili. Uumbizaji wa baiti kwa alama ya asilimia ulirudishwa katika toleo la 3.5 la mwaka 2015. Mwisho wa huduma ya Python 2.7, uliopangwa kuwa mwaka 2015, ulisogezwa mbele hadi 2020. Wakati huohuo, walikataa kutoa Python 2.8, ili njia ya zamani isiendelee kurefushwa bila kikomo. Upatanifu uliwezekana pale eneo la pamoja lilipopanuliwa kutoka pande zote mbili, na si pale upande mmoja ulipotakiwa kuhama kwa siku moja. Wanaofuatilia upangaji lugha na hatima ya istilahi zinazobuniwa na vyombo vya usanifishaji wataitambua hali hii.

Mabadiliko hayajakoma. Neno async lilifanywa kuwa neno la kisarufi katika Python 3.7 ya mwaka 2018, na misimbo iliyolitumia kama jina la kawaida ikavunjika. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, toleo jipya hutoka kila mwaka na kuhudumiwa kwa miaka mitano. Tasnifu ya uzamivu inayoandikwa kwa miaka minne au mitano inaweza kuanza katika toleo moja na kutetewa baada ya toleo hilo kuacha kuhudumiwa.

7.0 Msimbo kama Sehemu ya Ushahidi

Katika isimu nyanjani, mtafiti hutakiwa kutaja mahali alipokusanya data, wasailiwa walikuwa wa rika gani, na mbinu aliyoitumia. Kwa utafiti wa kongoo, toleo la lugha ya programu ni sehemu ya mbinu kwa kiwango kilekile. Kama ilivyooneshwa, toleo peke yake linaweza kubadilisha wastani wa sentensi na idadi ya maneno.

Kwa msingi huo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, sehemu ya mbinu za utafiti itaje toleo kamili la lugha ya programu na la kila maktaba iliyotumika; kuandika Python peke yake hakutoshi. Pili, usimbaji wa mafaili na aina ya ritifaa iliyotumika katika kongoo vielezwe, na ikiwezekana ritifaa zote zigeuzwe kuwa za aina moja kabla ya kuhesabu. Tatu, orodha za marudio zipangwe kwa kigezo kisichoacha utata, kwa mfano marudio kwanza na alfabeti baadaye, kwa kuwa mpangilio wa maneno yenye marudio sawa unaweza kutofautiana baina ya matoleo. Nne, msimbo pamoja na matini ya majaribio na majibu yake yaliyohesabiwa kwa mkono vihifadhiwe pamoja na tasnifu, ili mtafiti mwingine aweze kuvijaribu katika toleo la wakati wake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa upatanifu wa misimbo una masharti mawili: kukubalika na kutoa matokeo yaleyale. Mabadiliko ya sintaksia na msamiati huvunja sharti la kwanza na kwa kawaida hujitangaza. Mabadiliko ya semantiki huvunja sharti la pili kimyakimya, na kwa hiyo huhitaji majaribio ya makusudi. Kiswahili, kwa kuandikwa kwa herufi chache zisizo na alama za ziada, kiliwapa watafiti wake utulivu wa uongo ambao ritifaa moja iliyopinda inatosha kuuvuruga. Tafiti zilizofanywa kwa Python 2 kati ya mwaka 2000 na 2020 si batili kwa sababu hiyo pekee, lakini zile ambazo hoja zake zinategemea tofauti ndogo za wastani, uwiano au idadi ya maneno zinastahili kurudiwa kwa kutumia data zilezile. Pale msimbo na data vilipohifadhiwa, hiyo ni kazi ya saa chache. Pale vilipopotea, namba zilizochapishwa hazina tena namna ya kuthibitishwa.